Punguza Chumvi, Ongeza Viungo

Saa moja na robo asubuhi, mashine ya presha ilisoma 178 kwa 104. Mtaalamu wa lishe alisubiri kidogo, akapima tena mkono uleule. Ikasoma 176 kwa 104.

"Imepanda?" baba yake aliuliza.

"Haijashuka."

"Nimekuwa seremala maisha yangu yote, binti yangu. Ubao usioshuka ujue umepanda."

Hakucheka. Alifungua kanda kwenye mkono wa mzee, akaikunja, akaanza kuondoa sababu moja baada ya nyingine kama alivyofundishwa chuoni. Vidonge vya presha mzee alikuwa amemeza vyote, maana pakiti ilionyesha. Kahawa hakunywa. Alikuwa ameketi vizuri, mgongo umeegemea, miguu chini. Kanda ilimtosha. Usingizi alilala. Kilichobaki kilikuwa chakula, na chakula cha nyumba ile kilipikwa na mtu mmoja: wifi yake, mke wa kaka yake.

Mzee alihamia kwa mwanawe huyo, fundi wa friji, baada ya kufiwa na mkewe. Mtaalamu wa lishe aliishi mtaa wa pili na alifika kila alipopata nafasi. Mwezi mmoja uliopita, presha ya mzee ilipogunduliwa, alisimama kwenye mlango wa jiko hilo, mkoba begani, akamwambia wifi yake afanye nini. Wifi aliitikia. Na tangu siku ile presha ilikuwa haishuki.

Aliingia jikoni. Maharage ya jana yalikuwa bado kwenye sufuria. Alichota kijiko, akaonja.

"Wifi," aliita. "Haya maharage yana chumvi."

Wifi alikuwa uani anaanua nguo. Alikuja na kanga ya mtoto begani. "Hayana."

"Nimeonja sasa hivi."

"Chumvi sijaweka hata punje. Toka siku ile uliposema, kopo nimempa jirani. Nimeweka viungo, kama ulivyoniagiza."

Alisema hivyo, kwa sauti ya kawaida, na kila mtu aliyekuwa ndani alimsikia. Kaka alikuwa anavaa viatu sebuleni. Shangazi yao, dada wa baba, aliyekuja kumwangalia mgonjwa na kukaa zaidi ya alivyoahidi, alikuwa anakunywa chai kwenye kigoda karibu na mlango.

"Nyie nanyi," shangazi alisema. "Mtu ameshakula chumvi nyingi hivi, wajukuu wanaota ndevu, leo ndiyo mnamhesabia punje!" Akaucheka mzaha wake mwenyewe, peke yake.

Mtaalamu wa lishe alifungua makabati. Aliona sukari, majani ya chai, mafuta, unga wa aina mbili, vitunguu kwenye kikapu, chupa ya plastiki iliyojaa vikaratasi vinavyong'aa, nyanya, chupa ya siki. Chumvi hakuiona. Alisukuma vyombo, akatazama nyuma yake. Hakuiona.

Hitimisho lilikuja lenyewe. Ulimi wake ulisema chumvi ipo. Mpishi alisema haipo. Kabati liliunga mkono maneno ya mpishi, lakini kabati hufichwa kitu na ulimi haufichwi.

"Ulimi wangu haudanganyi," alisema. "Basi kuna mtu anadanganya."

"Dada," kaka alisema kutoka sebuleni.

"Ngoja, kaka. Hili si jambo la kuoneana haya. Baba ana mia sabini na nane. Mnajua hiyo ni nini? Siku atakapopooza upande mmoja, tusije tukaulizana nani kampoozesha."

Wifi aliishusha ile kanga begani, akaikunja mara mbili. "Mimi?"

"Sijataja mtu."

"Jikoni humu tunapika wangapi?"

Shangazi aliacha kunywa chai. Mzee, chumbani, alikohoa kikohozi kisichokuwa na sababu.

Kaka alikuja mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hakumtazama mkewe. Alisema kuanzia siku hiyo shangazi ndiye atakayempikia baba, na chungu cha baba kitakuwa peke yake. Wifi alipita katikati yao akarudi uani kumalizia kuanua nguo.

*

Shangazi alipika kwa wiki mbili. Alikuwa mpishi wa zamani, mvivu wa kununua vitu, na kitu chochote kilichofungwa kwenye karatasi alikiita peremende. Alichemsha, akakatia nyanya na kitunguu, akakamulia ndimu, basi. Mzee alilalamika siku za mwanzo kwamba chakula kina ladha ya maji ya kunawia. Akazoea.

Mtaalamu wa lishe alipopima tena, ilisoma 152 kwa 92.

Alipiga hesabu ya wazi. Vidonge vilevile, mgonjwa yuleyule, kitanda kilekile. Kilichobadilika ni mkono uliopika. Alimwonyesha kaka yake namba kwenye kioo cha mashine, hakuongeza neno, na kutoongeza huko neno alikuona kuwa ni uungwana. Wifi alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, anamvalisha mwanawe soksi. Aliona namba. Alimvalisha soksi ya pili.

Jioni ya siku hiyo kaka alimpigia simu mama mkwe wake, akamweleza kwa upole kwamba binti yake alikuwa anamlisha mzee chumvi kwa siri, ila sasa wamelidhibiti, na hakuna ugomvi. Mtaalamu wa lishe alijua kuhusu simu hiyo. Kaka alimwambia. Alisema, "Umefanya vizuri kumwambia mapema, wazazi wasisikie mambo kwa watu."

*

Alhamisi iliyofuata alikuwa na darasa lake kliniki, darasa la wagonjwa wa presha. Lilifanyika kwenye chumba cha mwisho cha korido, chenye meza ndefu, jiko la gesi la kuonyeshea mapishi na viti vya plastiki. Ukutani palikuwa na maandishi makubwa ya rangi ya bluu: PUNGUZA CHUMVI, ONGEZA VIUNGO. Sentensi ilikuwa yake. Wagonjwa walimsalimia kwayo kwenye korido: yeye akisema "punguza chumvi," wao wanaitikia "ongeza viungo." Mzee wake mwenyewe, alipoisikia mara ya kwanza, alisema hana haja ya kuongezewa, viungo alivyonavyo vinamuuma vyote, kuanzia magoti.

Siku hiyo alikuwa amewaagiza kila mmoja aje na viungo anavyotumia nyumbani, ili wapike pamoja.

Maswali yalianza kabla hajavaa aproni.

"Madam, kitunguu saumu ni kweli kinashusha presha?" aliuliza mama mmoja muuza vitambaa.

"Katika baadhi ya tafiti kimeshusha, kidogo. Hakichukui nafasi ya vidonge. Faida yake kubwa jikoni ni kwamba kina ladha kali, kwa hiyo ulimi hauulizi chumvi iko wapi."

"Na manjano? Shemeji yangu anasema yanatibu kila kitu."

"Kitu kinachotibu kila kitu huwa hakijapimwa kwa chochote. Manjano mwili huyapokea kwa shida. Yapikwe na mafuta na pilipili manga kidogo, yanapokelewa vizuri zaidi. Ni kiungo kizuri. Si hospitali."

"Ndimu?"

"Ndimu ina vitamini C. Ukiikamulia kwenye maharage au mboga za majani, mwili unachukua vizuri zaidi madini ya chuma yaliyomo. Ikamulie mwisho, moto ukishazimwa."

Kinyozi mmoja, aliyekaa nyuma makusudi, alinyoosha mkono. "Tangawizi, Madam. Wanasema inaongeza..."

"Inaongeza nini?"

"Joto. Nyumbani."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Tangawizi inasaidia kichefuchefu. Hayo mengine hayajathibitishwa."

"Hata mke wangu anasema hayajathibitishwa," kinyozi alisema, na darasa zima likaangua kicheko, muuza vitambaa akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Haya," alisema, "tuvione viungo vyenu. Wekeni mezani."

Waliweka. Alianzia kulia. Muuza vitambaa alikuwa na vitunguu saumu viwili na kipande cha tangawizi. Aliyemfuata alitoa vipande vya mchuzi, vile vidogo vya mraba vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Aliyemfuata alitoa vipande vilevile vya rangi nyingine. Kinyozi alitoa pakiti ya unga wa kuungia mchuzi, picha ya kuku juu yake. Mzee mmoja, dereva mstaafu waliyemwita Kamanda, alitoa mfuko mzima wa nailoni.

"Mimi Madam naweka vitatu," Kamanda alisema, na kifua mbele. "Sufuria ndogo, vitatu. Zamani nilikuwa naweka kimoja na chumvi. Ulipotufundisha, chumvi nikatupa, hivi nikaongeza. Na chakula kimekuwa kitamu kuliko zamani!"

"Hata kwangu," mmoja aliitikia. "Watoto wanalamba sahani."

Mtaalamu wa lishe alichukua kipande kimoja kwenye mfuko wa Kamanda, akakigeuza. Maandishi yalikuwa madogo. Vitu vilivyomo huandikwa kwa mpangilio wa wingi, cha kwanza ndicho kikubwa kuliko vyote. Alilijua hilo. Alikuwa akilifundisha. Cha kwanza kilikuwa chumvi. Kitunguu saumu kilikuwa cha mwisho, baada ya rangi. Alichukua pakiti ya kinyozi. Chumvi. Alichukua vile vya rangi nyingine. Chumvi, zaidi ya nusu ya uzito.

Dukani vilipangwa kwenye rafu iliyoandikwa viungo. Muuzaji aliviita viungo. Kwenye pakiti ya kinyozi, juu ya kichwa cha kuku, paliandikwa kwa herufi nene: viungo.

Miaka ya mwanzo alikuwa akivitaja kimoja kimoja: kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili manga, mdalasini, majani ya giligilani. Kisha sentensi ilipendwa. Ilipoandikwa ukutani aliona majina yanamchelewesha. Wagonjwa wapya walipewa sentensi peke yake.

Na wifi yake alipewa sentensi peke yake, mlangoni, mkoba ukiwa begani.

Aliiona tena ile chupa ya plastiki kabatini, kati ya vitunguu na nyanya. Aliishika kwa mkono wake. Aliisogeza pembeni ili atafute chumvi nyuma yake.

"Madam?" Kamanda alisema. "Vitatu ni vichache?"

Alisema, "Ndugu zangu, inaonekana baadhi yenu mlinielewa vibaya," na kabla sentensi haijaisha alijua si kweli. Walikuwa wamemwelewa sawasawa. Walikuwa wagonjwa wake watiifu kuliko wote.

"Hapana," alisema. "Nimekosea mimi. Hivi ni chumvi. Nimewaambia mle chumvi."

Kicheko kilitoka kwa mtu mmoja, kikakatika. Kamanda aliuvuta mfuko wake polepole kutoka mezani, akauweka mapajani, akaufunika kwa mikono miwili kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama, kwamba aibu ilikuwa ya mwalimu na aliyeificha mikononi ni mwanafunzi.

Aliwapima wote. Waliokuwa na vipande mezani, karibu wote walikuwa wamepanda tangu mwezi uliopita. Aliwataja kwa daktari wa zamu, akamweleza sababu bila kuipunguza, na daktari akawaona mmoja mmoja.

*

Alifika kwa kaka yake alasiri. Wifi alikuwa uani, anachambua mchele kwenye sinia.

"Wifi. Nataka kukuuliza kitu. Viungo ulivyokuwa unaweka kwenye chakula cha baba, vilikuwa vipi?"

Wifi aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Leo ndiyo unauliza?"

Mtaalamu wa lishe alichuchumaa mbele ya sinia.

Wifi alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na ile chupa. Akaiweka chini kati yao. "Hivi. Nilikuwa nanunua vya bei, vile vyenye picha ya mboga, nikidhani ni bora kwa mgonjwa. Pesa yangu ya kusuka nywele za watu. Nilikuwa naweka vinne. Ulisema niongeze."

"Nilisema."

"Nilikuambia nimeweka viungo. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi."

Mtaalamu wa lishe aliomba watu waitwe. Kaka alitoka kwenye banda lake, mikono ina grisi. Shangazi alikuja na mwiko. Mzee aliletewa kiti. Mtaalamu wa lishe alisimama palepale jikoni aliposimama siku ile, maana aliona si haki kusema kosa mahali pazuri zaidi ya pale alipolitenda. Alieleza. Alionyesha maandishi kwenye karatasi, neno la kwanza. Alisema wifi hakudanganya, hakuficha kitu, alifanya alichoagizwa na aliyemwagiza ni yeye. Alisema lile neno la kupooza lilikuwa la uongo, na la ukatili, na kwamba hata wifi angekuwa ametia chumvi kweli lingebaki la ukatili.

"Ala!" shangazi alisema. "Kumbe peremende ndiyo chumvi. Na mimi sikusoma."

"Shangazi, tafadhali."

"Sisemi kitu. Nasema tu sikusoma."

Mzee alikuwa anamtazama mkwe wake. "Mwanangu," alimwambia, "mimi nilijua huwezi. Nikanyamaza. Nilikuwa nimelala pale, nasikia, nikajikoholesha. Ningesema neno moja yasingefika hapa."

Kaka alijifuta grisi kwenye kitambaa kwa muda mrefu kuliko grisi yenyewe. "Basi jamani, tunamshukuru Mungu limejulikana. Yaliyopita si ndwele. Mke wangu, jiko lako hilo."

"Kwako yamepita," wifi alisema. Sauti haikupanda. "Jiko sikulitaka siku ile na leo silitaki kwa kupewa. Mama yangu ameambiwa nilikuwa namuua mzee wa watu. Hajaja hapa toka siku ile. Nikimpigia ananiuliza habari za watoto tu."

"Nitampigia sasa hivi," kaka alisema, akaanza kupapasa mfuko.

"Usimpigie."

"Nitakwenda," alisema mtaalamu wa lishe. "Kesho. Nitamwambia uso kwa uso."

Wifi aligeuka kurudi uani kwenye sinia lake. "Nenda naye huyu aliyepiga simu."

*

Mama yake wifi alikuwa mshonaji. Walimkuta barazani kwake kwenye cherehani, anapiga pindo la pazia. Aliwakaribisha viti, akaagiza maji, akauliza hali ya mzee, akaendelea kukanyaga. Kaka alikaa ukingoni mwa kiti. Wifi, aliyekuwa ametangulia kufika, hakukaa. Alisimama nyuma ya mama yake, ameshika ncha ya pazia isiguse chini.

Mtaalamu wa lishe alianza. Mashine ya kushonea ilikuwa na kelele, akalazimika kuinua sauti. Alisema yeye ndiye aliyekosea. Alisema neno viungo alilitaja bila kulieleza, binti akanunua vinavyouzwa kwa jina hilo, na ndani yake mlikuwa na chumvi. Alisema alimshutumu mbele ya watu bila kumuuliza swali moja, swali ambalo lingechukua muda mfupi kuliko kufungua kabati. Alisema, "Naomba radhi, mama. Binti yako hakufanya kosa lolote."

Kaka alisema, "Na mimi, mama. Nilipiga simu nisiyostahili kupiga."

Cherehani ilisimama. Mama alikata uzi kwa meno. Alimtazama mkwe wake, kisha akamtazama mtaalamu wa lishe, mkoba wake, viatu vyake, kadi ya kliniki aliyosahau kuivua shingoni.

"Siku ile mkwe wangu aliponipigia," alisema, "mikono yangu ilikuwa na kazi kama sasa. Simu niliiweka pale juu ya meza, spika wazi. Walikuwepo watu wanasubiri nguo zao."

Kaka aliweka maji yake chini bila kuyanywa.

Mama aligeukia ukuta wa nyumba ya pili, akapaza sauti. "Jirani! Jirani, hebu njoo, na mwambie huyo mgeni wako aliyechukua gauni la harusi, kama bado yupo aje."

Walikuja wanawake watatu, mmoja ana povu la sabuni mpaka viwikoni. Walisimama chini ya baraza. Mama aliwapangia nafasi, akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono juu ya pazia.

"Haya, mwanangu," alimwambia mtaalamu wa lishe. "Rudia. Hawa ndio waliosikia ile ya kwanza."

Mtaalamu wa lishe alisimama, akarudia yote, tangu mwanzo.